Naomba ushauri: rejeta ya alumini kwenye Mustang ya 1967

Wakuu, habari zenu. Niko Texas, nina Ford Mustang ya 1967, injini V8 289 (inchi za ujazo), giaboksi otomatiki. Rejeta yake ya zamani ya shaba imeziba. Joto la huku likikolea, mshale wa temperecha unapanda kila nikikaa kwenye foleni. Barabara ikifunguka unashuka. Nimeshanunua ya alumini. Gari hili nalipenda mno, nataka kazi ifanyike vizuri.

Shida kubwa ni nafasi. Rejeta mpya ni nene, mapanga ya feni yamebakiza upana wa kidole tu kufika kwenye wavu, na kava la feni la zamani halikai tena. Niweke feni ya umeme, au nitafute feni nyembamba na kava jipya? Nikienda kwenye umeme, altaneta ya zamani itauhimili mzigo kweli?

Halafu paipu za kupoza oili ya giaboksi: nati zake hazishiki kwenye matundu ya rejeta mpya. Adapta zipo, ila alumini ni laini, naogopa kukaza hadi tangi la rejeta lipasuke. Na mipira ya kuzuia alumini isigusane na bodi, mnatumia ipi?

Aliyewahi kufunga anielekeze tafadhali. Picha zitanisaidia sana.