Kale kampira ka kunasia kantangaze (nondo wa nyanya) kana nini ndani?

nyanya_ilula: Wakuu habari za jioni. Nina robo eka ya nyanya hapa Ilula, nimeuziwa kampira ka feromoni nikakaning'iniza juu ya beseni la maji ya sabuni, kesho yake saa nne asubuhi nakuta vidude vya kijivu vimetanda kama pumba. Nikafurahi kweli, ila nikigeuza majani bado kuna michoro myeupe na viwavi wamo humo humo ndani. Hako kampira kana sumu gani, na mbona kantangaze haishi?

bwana_shamba_msaidizi: Mkuu hakuna sumu hapo, ni harufu ya jike tu, ndo hiyo feromoni. Jike akiwa tayari anatoa harufu kwenye tezi iliyo ncha ya tumbo, dume anainasa kwa papasio zake halafu anaruka kuelekea upepo unakotoka, akiipoteza anayumba kulia kushoto mpaka aipate tena. Kwa hiyo hao wote kwenye beseni ni madume, na dume mmoja anapanda majike wengi, wakibaki wachache tu mayai yanaendelea. Mtego unakwambia wameingia na wanaongezeka, usiutegemee peke yake, chuma majani yenye michoro uyafukie.

kemia_na_kilimo: Naongezea kwenye harufu yenyewe maana naipenda sana hii mada. Ya kantangaze ni asetati mbili (kemikali zinazoruka hewani kama harufu) zenye mnyororo wa kaboni 14, moja ina vifungo maradufu 3 na nyingine 2, kwa uwiano wa kama tisa kwa moja. Kiwavijeshi vamizi wa mahindi naye anatumia asetati ya kaboni 14 ila ina kifungo maradufu kimoja tu, pamoja na kidogo ya kaboni 12, ndo maana kampira ka mahindi hakakusaidii kwenye nyanya. Na mjue feromoni ya kwanza kabisa kutambuliwa ni ya nondo wa hariri, aliitambua mwanakemia Butenandt kule Ujerumani mwaka 1959, ilibidi wakusanye majike kama 500,000!

mama_wa_bustani: Kaka, na kampira usikashike kwa mkono wenye dawa. Harufu inaisha pia, nilikaacha kamoja msimu mzima nikaona beseni tupu nikajua wadudu wameondoka, kumbe shamba limeshaliwa.

nyanya_ilula: Asante dada, hilo la kuisha sikuambiwa dukani. Naandika tarehe kwenye beseni leo leo, kesho naanza kuchuma majani.