Daktari wa familia asomee Bugando au apelekwe kisiwani?

Mleta hoja

Wadau wa Kanda ya Ziwa, mwangaluka.

Wiki iliyopita nimebishana na wenzangu wawili mpaka chai ikapoa. Mmoja anasema ubingwa wa udaktari wa familia hausomewi nje ya hospitali ya rufaa kama Bugando, pale Mwanza. Mimi nasema ukiusomea humo tu, hujausomea. Nauleta ubishi huu hapa.

Kwa asiyeifahamu fani hii: daktari wa familia ni bingwa kama alivyo wa upasuaji au wa watoto, ila yeye hamgawi mtu viungo. Anamshika tangu mimba hadi uzee, pamoja na anaoishi nao. Hapa nchini Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam, kinaifundisha. Ng'ambo ya ziwa, Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza kuifundisha mwaka 2005 kiliwapeleka wanafunzi wake Webuye, kwenye hospitali ya wilaya. Hoja yangu ni kwamba kanda yetu ikianzisha mafunzo haya, residenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, aishi Nansio kisiwani Ukerewe au Sengerema sehemu kubwa ya masomo, Bugando aje kwa zamu.

Niliwahi kufanya kazi miaka minne kwenye kituo cha afya kando ya ziwa. Nikafungua kliniki ya presha na kisukari kila Jumanne. Wavuvi wakawa wanakuja mara moja, mara mbili, wanapotea. Kwenye kadi zao naandika "mtoro". Siku moja nikawa nalalamika kwamba wanaume wa huku hawajali afya zao. Muuguzi mmoja, mama wa palepale, akaniacha niseme wee, kisha akauliza, "Daktari, jana mwezi ulitoka saa ngapi?"

Sikujua. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haivuti kitu, mitumbwi inapumzika. Majuma ya giza mtu amekesha majini, asubuhi ya Jumanne amelala au yuko kisiwa kingine kabisa. Tukaihamishia kliniki siku za mbalamwezi, ikawa inafuata mwezi wa angani badala ya kalenda ya ukutani. Watoro wangu wakarudi. Sikubadilisha hata kidonge kimoja.

Mfano mwingine. Kijana alikuwa amelazwa mara mbili kwa kutapika damu, mara zote mbili akaandikiwa vidonda vya tumbo. Nilipomlaza chali, bandama ilikuwa imefika kitovuni. Kichocho cha tumbo kikikaa miaka mingi kwenye ini, mishipa ya koo la chakula huvimba, siku moja inapasuka. Huyo ni wa Bugando, apimwe kwa kamera, mishipa ifungwe, mimi siwezi. Ila akipona anarudi majini kulekule, na wadogo zake wanaoga palepale. Nani atawapa praziquantel, dawa ya kichocho, nyumba nzima na kuulizia choo cha mwaloni? Wodini mgonjwa akishavuka geti, faili limefungwa.

Residenti wa mwaka wa pili

Mkuu, hiyo ya mwezi nimeipenda, lakini aliyekufundisha ni muuguzi, siyo kisiwa. Angeweza kukwambia hata kwa simu.

Tuje kwenye kigumu. Nani atanisimamia? Mimi nasomea magonjwa ya ndani hapa mjini. Kila asubuhi kwenye raundi bingwa ananiuliza kwa nini nimeandika dawa hii na siyo ile. Nikikosea naumbuka mbele ya wenzangu, na kosa lile silirudii. Kisiwani nikikosea nani atajua? Nitatoka na cheti pamoja na makosa yaliyokomaa.

Na tusidanganyane. Hospitali yenye upungufu wa madaktari ikipewa residenti, keshokutwa zamu zote za usiku ni zake, vikao vya bajeti vyake, wageni wa wilaya wake. Mafunzo yatakuwa kwenye karatasi. Nilifanya intanshipu mahali pa namna hiyo. Upasuaji wangu wa kwanza wa uzazi bila mtu pembeni, bingwa alikuwa kwenye spika ya simu, mtandao ukakata tumbo likiwa wazi. Mama na mtoto walipona. Mimi usiku ule bado nauota.

Tabibu mstaafu

Wanangu, mnagombea jina. Daktari wa familia tulikuwa naye, akiitwa daktari msaidizi, AMO. Alianza kama tabibu, akakaa vijijini, akarudi darasani miaka miwili, akarudi vijijini. Uzazi pingamizi, ngiri, mfupa uliovunjika, vyote vyake. Mafunzo yakasitishwa, tukaambiwa wenye digrii watajaza nafasi. Mnachobuni leo ni kilekile kwa ada kubwa.

Residenti wa mwaka wa pili

Shikamoo mzee. AMO waliokoa wengi, sina ubishi. Lakini mgonjwa wa leo ana presha, kisukari na VVU kwa pamoja, na dawa zenyewe zinagombana mwilini. Miaka miwili haitoshi.

Tabibu mstaafu

Marahaba. Na wewe unayevisomea vyote hivyo, ukimaliza unakwenda wapi?

Mama wa Ukara

Mimi siyo daktari, nauza dagaa. Fedha za rambirambi za ndugu zetu waliokufa kivuko cha MV Nyerere kilipozama, Septemba 2018, ziliingia kwenye ujenzi wa kituo chetu cha afya Bwisya. Kwa hiyo mkisema kisiwani hakuna mazingira ya kufundishia, semeni polepole.

Kero yangu ni nyingine. Madaktari bingwa wa kambi wanakuja siku chache, tunawashukuru, wanaondoka. Huyo wenu wa kusoma naye ataondoka. Kila mgeni ananianza upya: umezaa wangapi, wamekufa wangapi. Nimechoka kuhesabu. Kama anakuja kujifunza kwetu, karibu. Ila siku ya kuondoka amlete anayempokea, wakae wawili mbele yangu, amweleze yeye, nami nikiwa nasikiliza.

Mleta hoja

Mama, hilo la kukabidhiana sikuwa nimeliwaza kabisa. Asante.

Residenti, kwenye usimamizi umenibana. Pasipo bingwa anayeishi hapohapo, mafunzo yasianze. Wa simu hapana, wa kuja mara moja kwa mwezi hapana. Kuna mtu kaniambia faraghani kwamba tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, Juni 2025, bingwa anaweza kwenda Sengerema asubuhi na kurudi Mwanza jioni. Ndicho ninachokiogopa: atarudi jioni.

Lakini la muuguzi na simu nalikataa. Mama yule hakuniambia habari za mwezi nilipofika. Aliniambia mwaka wa pili, na kliniki ilikuwa inapoteza watu muda wote huo huku anaona. Nilimuuliza kwa nini alikaa kimya. Akasema madaktari watatu kabla yangu walihamishwa hata hajawazoea, akadhani na mimi napita.