Ulinganisho: kujiainishia wenyewe, CCATS au CJ kwa kipuri cha ndege ya kijeshi?

KalamuNyekundu
Wakuu, mteja ni karakana ndogo Marekani, mkandarasi wa chini. Anachonga breketi ya alumini ya kushikilia nyaya ndani ya ndege ya kijeshi. Mkataba una kifungu cha DFARS 252.225-7048 (kanuni za ununuzi wa ulinzi, kuhusu vitu vinavyodhibitiwa kusafirishwa nje) na mkandarasi mkuu anadai uainishaji wa udhibiti huo kwa maandishi. Tujiainishie wenyewe, tuombe CCATS (uainishaji rasmi) kwa BIS ya Wizara ya Biashara, au tupeleke CJ (ombi la kuamua kitu kiko chini ya kanuni zipi) kwa DDTC ya Wizara ya Mambo ya Nje?

MteguaECCN
Kwanza, ndege gani? Kipuri kilichobuniwa mahususi kwa F-35, F-22 au B-2 kiko USML (orodha ya zana za kijeshi) Kundi VIII(h)(1), yaani ITAR, kanuni za Wizara ya Mambo ya Nje. Cha C-130 huangukia 9A610.x (namba ya uainishaji, ECCN) chini ya EAR, kanuni za Wizara ya Biashara, nako leseni inatakiwa karibu kila nchi isipokuwa Kanada. Alumini ileile, wizara mbili.

Soma USML, kisha mfululizo wa 600 (vitu vya kijeshi) kwenye CCL, orodha ya EAR, ndipo mengine. Anayeanzia EAR99 (kapu la visivyoorodheshwa) ameanza na jibu analolitamani.

Bolti
Breketi si kifungio? Fasili ya "kilichobuniwa mahususi" inaviachia vifungio vyote.

MteguaECCN
@Bolti hapana. 22 CFR 120.41(b)(2) inaachia skrubu, nati, klipu, washa, springi, waya na vya aina hiyo. Breketi haimo, usiisukumize. Jaribu (b)(3): je, kuna kipuri chenye kazi na uwezo uleule, na umbo na mkao unaolingana, kwenye ndege ya kiraia iliyokwisha kuzalishwa? Kama kipo, weka michoro miwili sambamba, vipimo kwa vipimo. (b)(4) ni ngumu zaidi, maana inataka hati za wakati wa usanifu. Barua pepe ya leo inayoeleza nia ya mbunifu miaka sita nyuma haisaidii.

HatiMkononi
CCATS inaombwa kupitia SNAP-R (mfumo wa mtandaoni wa BIS), vitu visivyozidi 6 kwa ombi. Wengi hawaoni mtego wake: jibu la BIS si uamuzi kwamba kitu kiko nje ya ITAR. Shaka ikiwa ni ITAR au EAR, CCATS imejibu swali ambalo hukuuliza.

CJ ndiyo inayofunga mjadala huo. Fomu DS-4076 kupitia DECCS (mfumo wa mtandaoni wa DDTC), bila ada. Ambatisha mchoro, historia ya usanifu, fedha zilizogharamia usanifu huo, na mauzo ya kijeshi na ya kiraia. Siku 45 zikipita bila uamuzi, unaweza kuomba iharakishwe. Wakati wa kusubiri, kishike kipuri kama cha ITAR, pamoja na mafaili yake.

KalamuNyekundu
Ni C-130. Ila mchoro umegongwa "ITAR" kila ukurasa, una Tamko la Usambazaji D, na kuna mhandisi mgeni asiye na ukaazi wa kudumu.

MchoroSafi
Tamko D linasema nani agawiwe hati, si uainishaji. Muhuri wa ITAR nao, mwombe mkandarasi mkuu aya ya USML aliyoitegemea. Wengine hugonga kwa mazoea tu. Akishikilia bila kutaja aya, hapo CJ ina thamani. Akikubali kosa, andiko la ndani la kujiainishia linatosha.

HatiMkononi
Suala la mhandisi ni la haraka kuliko uainishaji. Mchoro wa utengenezaji ni teknolojia ya 9E610 (namba ya teknolojia ya vitu vya 9A610), na kumwonyesha hata akiwa ndani ya Marekani ni kuusafirisha kwenda nchi yake. EAR hutazama uraia au ukaazi wa kudumu wa karibuni zaidi, ITAR hutazama kila uraia alio nao au aliowahi kuwa nao, na kila ukaazi wa kudumu alio nao. Mfungieni faili leo, hifadhini kumbukumbu za nani alifungua nini. Kama ameshaona, fikirieni taarifa ya hiari ya ukiukaji: ukianza na notisi ya awali, maelezo kamili yanatakiwa ndani ya siku 180 kwa BIS, siku 60 kwa DDTC.

MteguaECCN
Andiko liwe na namba ya kipuri na toleo la mchoro, aya za USML zilizokataliwa na sababu ya kila moja, kisha hatua za (b)(1) hadi (b)(6) za fasili ya EAR (ya ITAR inaishia (b)(5)). Mchoro ukibadilishwa toleo, lipitiwe upya.