Wanafunzi wa uuguzi wanajua namba zote, lakini wodini hawaunganishi: nifundisheje uamuzi wa kitaaluma?

Mkufunzi wa Nyanda (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni mkufunzi wa uuguzi na ukunga katika chuo kimojawapo mkoani Mbeya, na ninasimamia wanafunzi wa stashahada wanapokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Naomba ushauri wa wakufunzi wenzangu, wa wauguzi mnaotupokelea wanafunzi, na hata wa wanafunzi wenyewe.

Wanafunzi wangu wanafaulu vizuri. Ukiwauliza mapigo ya moyo ya mtu mzima, watakujibu 60 hadi 100 kwa dakika bila kusita, na kwenye maabara ya ujuzi wanafuata kila hatua bila kuruka. Shida inaanza wodini. Muhula uliopita mwanafunzi wa mwaka wa tatu alikabidhiwa kumwangalia mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida alfajiri ile. Alimpima kila baada ya dakika 15 kama alivyoelekezwa na kuandika kwa mwandiko safi: mapigo 92, kisha 108, kisha 124, huku presha ikibaki karibu na 110/70. Mama aliposema anasikia baridi, mwanafunzi alimwongezea blanketi, jambo ambalo kwa asubuhi za Mbeya halikumshangaza mtu yeyote. Muuguzi wa zamu alipopita na kuiangalia chati, alifunua shuka papo hapo, akashika tumbo na kukuta mji wa mimba umelegea, na damu imepita pedi hadi kwenye mpira wa kitanda. Namshukuru Mungu, mama alihudumiwa akapona.

Nilipozungumza na mwanafunzi baadaye, jibu lake lilikuwa kwamba presha ilikuwa nzuri. Naye alikuwa anajua, kwa sababu alishajibu swali hilo kwenye mtihani, kwamba mama akipoteza mililita 500 za damu au zaidi baada ya kujifungua kwa kawaida hiyo ni hatari. Hakukosa maarifa hata moja kati ya yaliyohitajika. Alikosa kuyaleta pamoja kitandani. Naomba kujua mnafundishaje jambo hili, na mnalipimaje, maana kitabu cha mafunzo kwa vitendo kinataka saini kwa kila kazi iliyofanyika, na mwanafunzi huyu alistahili saini zake zote.

Inchaji wa Wazazi, Iringa

Mwalimu, pole na kazi. Nimepokea wanafunzi kwa miaka mingi, na naona tunawazoeza kupima bila kuwazoeza kutarajia. Mimi kabla sijamruhusu mwanafunzi afungue faili, namsimamisha kando ya kitanda na kumuuliza: kwa mgonjwa huyu unahofia nini katika saa mbili zijazo, na utakijua kwa dalili gani? Mwanafunzi aliyekwisha kusema kwa kinywa chake kwamba anahofia mama atatoka damu, hawezi kuandika 124 akaendelea na kitanda kinachofuata.

Pili, mfundishe kusoma mwelekeo wa vipimo. Mwili wa mama mjamzito huongeza damu kwa karibu nusu ya kiwango cha kawaida, hivyo baada ya kujifungua anaweza kupoteza damu nyingi huku presha ikiwa bado imara, kwa kuwa moyo unakwenda mbio kufidia na mishipa inajibana. Presha inaposhuka, muda umekwisha kupotea. Muulize kila mara kipimo cha sasa kinasema nini kikilinganishwa na kilichotangulia, wala usiridhike akikujibu kuwa kiko ndani ya kiwango.

Mwanataaluma Uuguzi

Naomba niongeze upande wa nadharia, kwa sababu swali hili limefanyiwa kazi muda mrefu. Patricia Benner, muuguzi wa Marekani, alieleza mwaka 1984 namna muuguzi anavyopita ngazi tano, kuanzia anayeanza hadi bingwa, akitumia kazi ya ndugu wawili, Hubert na Stuart Dreyfus, ambao walikuwa wamechunguza jinsi marubani na wachezaji wa sataranji wanavyopata ustadi. Anayeanza hutegemea kanuni kwa sababu bado hana matukio ya kulinganisha, ilhali bingwa huona hali nzima kwa mara moja. Kwa hiyo, Mwalimu, yule muuguzi wa zamu na mwanafunzi wako waliisoma chati moja wakiwa kwenye ngazi mbili tofauti, na si haki kumtaka mwanafunzi afike ngazi ya tano kwa muhula mmoja. Christine Tanner, naye muuguzi na mkufunzi wa Marekani, mwaka 2006 aliugawa uamuzi wa kitabibu katika kugundua, kutafsiri, kuchukua hatua na kutafakari. Mgawanyo huu unakusaidia kujua mwanafunzi amekwama wapi. Wako aligundua, kwa sababu aliandika. Alikwama kwenye kutafsiri.

Hata hivyo naomba tahadhari moja. Wapo wanaochukua hoja ya ubingwa wakafikiri kwamba muuguzi mzoefu hahitaji kanuni. Mama mwenye kifafa cha mimba anayepewa magnesiamu salfeti, yaani dawa ya kuzuia degedege, kabla ya kila dozi inayofuata ni lazima upumuaji wake uwe angalau 16 kwa dakika, mguu ushtuke goti linapogongwa, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita, na kalsiamu glukonati, dawa ya kukabili sumu ya magnesiamu, iwe karibu. Hapo hata aliyefanya kazi miaka thelathini hana ruhusa ya kuruka kipimo. Uamuzi wa kitaaluma unajengwa juu ya kanuni hizo.

Mkunga Makete

Mwalimu, huku kwetu mwezi wa saba baridi ni kali sana, na kipima oksijeni cha kidoleni kinaweza kutoa namba ya chini kwa mgonjwa ambaye hana shida ya kupumua, kwa sababu damu haifiki vizuri kwenye kidole kilichopoa. Mwanafunzi mmoja atakimbilia oksijeni, mwingine atadharau namba akisema ni baridi tu. Ninachowafundisha ni kumwangalia mgonjwa kwanza: anahema kwa shida, midomo ina rangi gani, anaongea sentensi nzima? Wakiona dalili hizo, oksijeni iwekwe bila kungoja kipimo kingine. Kama mgonjwa ametulia, waupashe mkono joto na kupima tena, na wakague kama mapigo yanayosomwa na mashine yanalingana na yale wanayoyahesabu wenyewe kwenye mkono. Hapo mwanafunzi anajifunza lini akiamini chombo na lini akihoji, na sijaona njia ya kufundisha hilo kwa sanamu za maabara ya ujuzi.

Mwaka wa Tatu

Shikamooni walimu wangu. Naomba niseme upande wetu. Mara nyingine mwanafunzi anaona kuna jambo haliko sawa, lakini anaogopa kusema kwa sababu hana neno la kitaalamu la kulieleza, au muuguzi ana wagonjwa wengi na anaonekana amechoka. Ukienda ukasema tu kwamba mama simwelewi, unaweza kujibiwa vibaya mbele ya watu, na siku inayofuata unanyamaza.

Inchaji wa Wazazi, Iringa

Marahaba, mwanangu, na umesema kweli tupu. Kumjibu vibaya mwanafunzi aliyeleta wasiwasi ni kuhatarisha mgonjwa, na hili, wauguzi wenzangu, ni lazima tulikubali. Njia inayosaidia ni kuwapa wanafunzi mpangilio wa maneno: hali iliyopo sasa, historia kwa ufupi, mimi naona ni nini, naomba ufanye nini. Kwa mfano: Sista, mama wa kitanda cha nne mapigo yamepanda kutoka 92 hadi 124 ndani ya nusu saa, amejifungua alfajiri hii, nahisi anatoka damu, naomba uje umwangalie sasa. Mwanafunzi anayeweza kusema sentensi hiyo ameshatafsiri, hata kama baadaye ikaonekana mama yuko salama.

Mkufunzi wa Nyanda (mwanzisha uzi)

Nawashukuru sana. Bado ninahitaji msaada kwenye upimaji: nikimpa alama kwa wasiwasi aliouripoti, je, sitawafundisha kupiga kelele kwa kila jambo?

Mwanataaluma Uuguzi

Usitoe alama kwa idadi ya taarifa wala kwa kupatia. Toa kwa sababu alizotoa. Chagua mgonjwa mmoja kwa kila zamu, mwanafunzi aandike kabla ya saa nne asubuhi anachokihofia, ushahidi alionao, na jambo litakalomfanya abadili mawazo. Kisha mwisho wa zamu mkae dakika kumi mlinganishe na kilichotokea. Ukurasa huo uambatanishe na kitabu chenye saini, na mkubaliane na mainchaji mapema ili wausome wao pia, kwa sababu wewe hutakuwepo wodini kila siku.