Naomba ushauri: wivu umeingia kwaya yetu, nifanyeje?

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwalimu wa kwaya ya vijana usharikani kwetu. Amejiunga binti mmoja wa sauti ya kwanza, anaimba vizuri mno, nikampa aongoze wimbo wa Pasaka. Tangu hapo waimbaji wawili wa siku nyingi hawamsalimii, mazoezini wanachelewa makusudi, na maneno yanazunguka kwamba "mwalimu ana wake".

Mzee mmoja wa kanisa anataka nimpumzishe binti ili amani irudi. Sikubaliani naye. Wanawake walipoimba kuwa Sauli amewaua elfu zake na Daudi makumi elfu yake (1 Samweli 18), aliyeugua moyo ni Sauli. Daudi alikosa nini?

Lakini Mithali 14:30 inaita husuda ubovu wa mifupa, na hawa wawili nawapenda. Ndio walioishika kwaya hii hata tulipokuwa hatuna sare. Niwaite faragha kama Mathayo 18:15 inavyoagiza, au hilo ni la aliyekosewa, yaani binti mwenyewe? Na kuongoza nyimbo kwa zamu kunatibu wivu, au kunauficha tu?

Mliowahi kulea kwaya, nisaidieni. Mazoezi ni Alhamisi.