Majirani Chikongola: usiku aliokamatwa Mudi

Ijumaa

Fundi Nassoro (1:40 usiku): 📷 Mwizi wa korosho kanaswa leo. Mjue mnaishi na nani mtaani.

Baba Shadida: Kangomba huyo, mlanguzi wa korosho. Nilisema mimi mkanicheka.

Mama Mudi: Nassoro, huyo mwanangu.

*Fundi Nassoro amefuta ujumbe huu*

Baba Shadida: Tumeshaiona bwana.

Mjumbe Hamisi: Asalaam aleikum. Mimi nilikuwepo, nisemewe na nani? Saa kumi na nusu alasiri walikuja askari wawili na mwenye mali. Mudi alikuwa na magunia mawili kwenye pikipiki, moja halijajaa. Akasema ni ya abiria. Abiria mwenyewe kaona askari, kakata vichochoroni.

Asha wa Bi Somoe: Shikamoo mjumbe. Ulisaini kitu?

Mjumbe Hamisi: Marahaba mwanangu. Fomu ya mali iliyokamatwa. Waliandika matatu, nikagoma. Wakakata wakaandika mawili, nikaweka sahihi na pale palipokatwa.

Asha wa Bi Somoe: Mungu akuweke. Gunia moja la kuzidi huko mbele lingemtesa.

Mama Mudi: Asha mwanangu, tufanye nini? Nimepika, sijui hata kama watapokea chakula.

Asha wa Bi Somoe: Peleka, mama. Kule usiulize kama ameiba au hajaiba. Uliza mambo matatu: anatuhumiwa kosa gani hasa, amekamatwa saa ngapi, na mpelelezi wake ni nani. Yaandike. Aliyekamatwa bila hati anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Ikishindikana, na kosa si la yale mazito kama mauaji au unyang'anyi wa silaha, waangalie kumwachia kwa dhamana. Kesho Jumamosi, ndiyo maana nataka tuulize dhamana usiku huu huu.

Juma Boda: Mwambieni akae kimya!! "Una haki ya kukaa kimya", si tunaona kwenye muvi

Asha wa Bi Somoe: Hiyo ya muvi ni ya Marekani, Juma. Ilitoka kwenye kesi ya Miranda mwaka 1966, Mahakama yao ya Juu ikasema polisi lazima wamwambie mtu haki zake kabla ya kumhoji. Na Miranda mwenyewe alishtakiwa upya bila yale maelezo yake, 1967 akafungwa vilevile 😅 Kwetu onyo lipo, ila liko kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Jina na anwani atataja, maswali mengine halazimiki kujibu. Na anaruhusiwa kuomba wakili, ndugu au rafiki ajulishwe.

Baba Shadida: Haki haki. Msimu uliopita mimi nimeibiwa magunia mawili, haki yangu iko wapi?

Asha wa Bi Somoe: Baba Shadida, haki yako ni apatikane aliyekuibia. Akifungwa ambaye siye, wako bado yuko mtaani anakula korosho zako. Katiba ibara ya 13(6)(b) inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika. Sisi hapa tulimaliza kesi kwa picha moja, hata isha haijaadhiniwa.

Baba Shadida: Sawa wakili.

Asha wa Bi Somoe: Mimi msaidizi wa kisheria tu, mahakamani sisimami.

Mjomba Saidi (3:15 usiku): Nipo kituoni na dada. Chakula wamepokea, wameonja kwanza. Kuna mtu hapa nje, si askari, anasema nimpe laki na nusu "aongee nao" kuhusu dhamana.

Asha wa Bi Somoe: Usimpe hata mia! Dhamana haiuzwi mjomba. Wanachotaka ni wadhamini wanaoeleweka, barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho. Ameshaandikwa maelezo?

Mjomba Saidi: Ndiyo wanamaliza. Kurasa mbili.

Asha wa Bi Somoe: Asisaini mpaka asomewe yote. Mudi kusoma kwake kwa kudonoa, tunajua. Nenda kaombe kwa adabu.

Mjomba Saidi (4:02 usiku): Wamemsomea. Iliandikwa "nilichukua magunia shambani". Mudi anasema yeye alisema "nilichukua abiria na magunia yake njia ya Naliendele". Mpelelezi akakuna kichwa, akakata, akaandika upya. Mudi kasaini, na pembeni pia.

Mjumbe Hamisi: Kama mimi!

Asha wa Bi Somoe: Muone. Yale ndiyo maelezo ya onyo, yanasomwa mahakamani miezi baadaye, wakati huo hata aliyeyaandika kasahau. Na saa ya kuanza na kumaliza iandikwe. Mahojiano yana saa nne tangu akamatwe, yakizidi yana utaratibu wake wa kuongezwa. Mahakama ya Rufani imewahi kuyatupa maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda.

Mama Mudi: Nimemwona kwa mbali. Hana viatu.

Mjomba Saidi: Viatu na mkanda viko kaunta, dada, vimeandikwa. Ndivyo wanavyofanya kwa wote.

Jumamosi

Mjomba Saidi (5:20 asubuhi): Ametoka. Wadhamini mimi na mwalimu Issa. Jumatatu saa mbili anaripoti. Pikipiki imebaki, ni kielelezo.

Juma Boda: Alhamdulillah. Hesabu ya bosi sasa atatoa wapi?

Baba Shadida: Mimi nisingemdhamini, nasema ukweli. Ila pole mama.

Mama Mudi: Asante. Ile picha imefika Newala. Dada yangu kapiga simu analia, anauliza Mudi kafungwa miaka mingapi.

Fundi Nassoro: Mama Mudi nisamehe. Na mimi nilitumiwa tu.

Mama Mudi: Ulitumiwa na nani?

*Fundi Nassoro amejitoa kwenye kikundi*

Mjumbe Hamisi: Mrudisheni huyo, ana hela zetu za taka.