Yule wa usalama kanidhalilisha mbele ya mteja, eti mfumo wetu una "hatari asilimia 143"

MsimboSafi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono inatetemeka, naandikia kwenye ngazi maana nikirudi ofisini kuna mtu atarushiwa kiti.

Ni yule jamaa wa usalama. Simtaji. Kila aliyewahi kupandisha mfumo laivu mji huu anamjua, na kama humjui shukuru Mungu ukalale.

Leo mteja kaja, watu wazima, suti, mkurugenzi wetu kajipanga mbele. Tunaonyesha toleo jipya. Malipo yanapita, ripoti zinatoka, hakuna kilichogoma. Jamaa anaomba dakika tano. Anachomeka waya wa projekta, anafungua Dependency-Track (chombo kinachokagua kama maktaba, yaani msimbo wa watu wengine tunaoutumia, zina udhaifu unaojulikana), ukuta mzima unageuka mwekundu mpaka nikahisi joto usoni. Anaweka kidole kwenye ile namba ya alama ya hatari, anasoma kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu: "Mfumo huu una hatari asilimia 143."

ASILIMIA MIA MOJA NA ARUBAINI NA TATU.

Ile siyo asilimia! Ile ni jumla tu. Udhaifu wa hatari kabisa unahesabiwa 10, mkubwa 5, wa kati 3, mdogo 1. Sisi tuna 3, 12, 15 na 8. Pigeni hesabu wenyewe. Mfumo wenye maktaba nyingi unapata namba kubwa, wenye maktaba mbili unapata ndogo, basi. Chombo chenyewe hakijaandika asilimia mahali popote. Mteja akaweka kalamu chini. Hakuuliza kitu. Kaweka kalamu, kamtazama mkurugenzi, mkurugenzi kanitazama mimi.

Hapo ndipo jamaa akaongezea: "Vijana wetu hawa wanapika bila kuchambua mchele." Watu wakacheka. Mteja naye akacheka!

Akafungua ya kwanza kwenye orodha, CVE-2016-1000027 (CVE ni namba ya usajili wa udhaifu). "Mnaona? Tangu 2016 hawajaigusa." Wakuu, kila anayeandika Java anaijua hii. Ni ile ya spring-web, maktaba ya Java, sehemu yake ya HttpInvoker, inayopokea vitu vya Java vilivyofungashwa na kuvifungua bila kuuliza vimetoka kwa nani. Ukiitumia kupokea data ya mtu usiyemjua umekwisha, ndiyo maana ina 9.8 kati ya 10. Lakini sisi HATUITUMII. Hakuna mstari hata mmoja unaoiita. Wenye Spring wenyewe walishasema haikukusudiwa kwa data isiyoaminika, na toleo la 6 wakaiondoa kabisa. Chombo kinaangalia jina la maktaba na namba ya toleo, hakijui unaita nini ndani. Sikilaumu. Ndiyo maana kimewekewa sehemu ya uhakiki: mtu anaingia, anaandika "haituathiri, msimbo haufikiki", anaweka sababu, kelele inaisha.

Na ruhusa ya uhakiki ANAYO YEYE. Mimi nimepewa ya kutazama tu. Tiketi nilimwandikia, nikaambatanisha matokeo ya kutafuta neno HttpInvoker kwenye msimbo wote: sifuri. Tiketi ipo vile vile, hajaifungua hata kwa bahati mbaya. Halafu huyo huyo anasimama mbele ya mteja na kidole chake kusema hatujagusa!

Asilimia 143. Mlinzi wa mifumo ya watu hajui jumla na asilimia. Kesho atatuambia joto la Dar ni asilimia 33 na tuhame.

Bandarini

Pole sana mkuu. Huyo tulikuwa naye kabla hamjamchukua. Aliiweka Jenkins, ile inayojenga mfumo yenyewe, igome ikikuta chochote chenye CVSS (kipimo cha ukali, mwisho 10) ya 7 kwenda juu, Ijumaa saa kumi na moja jioni, hakumwambia mtu, akazima simu. Bildi zote nyekundu mpaka Jumatatu. Alipokuja akasema "nilitaka kuwapima".

Kisiki

143 ndiyo unalia? Sisi tumevuka elfu mbili na mishahara inaingia. Kunywa maji.

jini_la_seva

Maelezo marefu ila swali ni dogo: kwa nini mpo Spring 5 mpaka leo? 5.3 iliacha kupata marekebisho ya bure Agosti 2024. Jamaa hesabu hajui, sawa, lakini mchele wenu una mawe.

MsimboSafi

@jini_la_seva Spring 6 inataka Java 17. Seva za mteja zipo Java 8, na aliyekataa kuzibadilisha, kwa barua yenye mhuri, ni huyo huyo aliyeweka kalamu chini. Bado kila javax inatakiwa iwe jakarta (majina ya vifurushi vya Java yalibadilishwa), mradi mzima, na maktaba za watu wengine ambazo hazijahama. Unadhani ni kazi ya jioni moja? Usinibadilishie mada. Mtu kasema ASILIMIA, mbele ya watu, na hakuna aliyemkatiza.

Kisiki

Wewe ulikuwepo, mbona hukumkatiza?

MsimboSafi

Mbele ya mkurugenzi? Umewahi kuajiriwa wewe?

Mama Bildi

Mdogo wangu pole, na jamaa amekukosea heshima. Ila hata angehakiki leo, kesho ingekuwa nyekundu tena. Mkipandisha BOM (orodha ya maktaba za mradi) yenye namba mpya ya toleo, Dependency-Track inalihesabu ni toleo jingine la mradi na uhakiki wa nyuma hauji wenyewe. Kabla ya kupakia, nakilini toleo la zamani pamoja na historia ya uhakiki wake, ndipo BOM mpya iingie humo. Au andikeni uhakiki kwenye faili la VEX (tamko la udhaifu upi unawaathiri na upi hauwaathiri), likae gitini na msimbo, paipulaini inayojenga mfumo ilipakie baada ya BOM. Hapo humuombi mtu akufungulie tiketi. Unamuomba mara moja tu ruhusa ya paipulaini.

Kisiki

Dada tumekuja kusema watu hapa, umeleta semina.

MsimboSafi

Asante dada, hiyo ya VEX nitaifanya. Lakini hasira yangu siyo namba kurudi. Ni kidole. Kidole kwenye ukuta, "asilimia 143", kalamu chini, kicheko. Nimekesha na huu mfumo, naujua mstari kwa mstari, na leo mteja ameondoka akiamini tumemuuzia uchafu.

Zuwena_T

Mnalia na alama? Afadhali yenu mna alama. Tangu NVD (hifadhidata ya Marekani inayozipa CVE alama) izidiwe Februari 2024 kuna CVE zinakaa wiki na wiki bila kupimwa. Kwetu zinatokea "haijapangiwa", na Dependency-Track inaipa kila moja 5 kwenye hiyo jumla. Bosi anauliza ni mbaya kiasi gani, unamjibu nini? Anakuona wewe ndiye mvivu.

Bandarini

Desemba 2021 hamkuwepo nyie. Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za mfumo, 10 kamili. Tumepandisha 2.15, wanasema haitoshi. 2.16, haitoshi. 2.17, nikashangilia. Kabla mwaka haujaisha ikatoka 2.17.1. Sikukuu nimekula biskuti chumba cha seva, mke alinuna mpaka Februari.

jini_la_seva

Hivi vyombo mnaviabudu bure. Machi 2024 mlango wa nyuma wa xz (programu ya kubana mafaili kwenye Linux) uligunduliwa na mtu wa Postgres aliyeona ssh inachelewa kama nusu sekunde. Hakuna dashibodi iliyolia.

Zuwena_T

Ilikuwa haijapewa CVE, ingelia na nini? Kabla hujadharau kitu, jua kinafanya nini. Siku CVE-2024-3094 ilipotangazwa, mwenye BOM alijua ndani ya dakika kama anayo. Wewe bado ulikuwa unaingia seva moja moja.

dogo_npm

Wakubwa wa Java mnadeka. Mimi wa JavaScript nimeweka kijimaktaba cha kuchagua tarehe, kitu kimoja tu, zimeshuka maktaba 400 na onyo la "hatari kabisa" juu. Ukiambiwa urekebishe kwa nguvu, inarekebisha kweli, halafu tovuti haiwaki.

Bandarini

Dogo, nyie mliwahi kuangusha bildi za dunia nzima mwaka 2016 kwa kuondolewa left-pad, kijimaktaba cha mistari kumi na moja. Kaa chini.

dogo_npm

Na Log4j iliandikwa na nani, sisi?

Kisiki

😂😂😂 Dogo kampata mzee.

MsimboSafi

Wakuu naomba turudi kwenye uzi. Kuna mtu anajua jinsi ya kumwandikia mteja barua pepe ya kueleza kuwa ile namba ni jumla, bila kumpitia yule jamaa?

Fundi_Gongo

Swali nje ya mada. Nataka kuijaribu hiyo Dependency-Track nyumbani kwa Docker, laptop yangu giga 8. Itawaka?

Zuwena_T

Itawaka, ila funga kivinjari na kila kitu. Ikianza kuvuta data ya NVD utasikia feni. Ongeza RAM.

Fundi_Gongo

Giga 16 DDR4 sasa hivi Kariakoo bei gani?

Bandarini

Inategemea unanunua mtaa gani. Usichukue bila kuiwasha hapo hapo dukani.

Kisiki

Ninayo moja, imetoka kwenye mashine ya ofisi. Njoo inbox.